Muulize Fundi: Chuma nakiweza, alumini yanishinda

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa ncha ya tungsteni na gesi) iliyokwisha tumika, ina AC (mkondo wa kugeukageuka) na DC (mkondo wa upande mmoja). Chuma cha kawaida cha milimita 3 nakiunga vizuri kwa ampea 110. Nilipoweka alumini ya unene huohuo nikabadilisha ampea tu, ilitoa masizi, ikavimba, kisha ikatoboka ghafla bila kuungana. Nipandishe ampea au niteremshe? Na chuma cha pua nacho nikipangeje? – Mwanagenzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipandishe wala usiteremshe kwanza. Unasema ulibadilisha ampea tu. Basi swichi ilibaki kwenye DC, na hapo ndipo kazi ilipoharibikia.

Alumini ina ngozi ya oksaidi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, lakini ngozi hiyo haiyeyuki mpaka upite 2,000. Kwa DC, ndani kumeshakuwa uji na juu bado kumefungwa. Ndiyo maana ilivimba, ikakudondokea. Kwenye AC mkondo hugeukageuka: tungsteni ikiwa chanya, ngozi inang'olewa, ikiwa hasi, moto unaingia kwenye kazi. Ukiwa na kitufe cha kugawa pande hizo mbili, anzia asilimia 70 upande wa hasi. Ukiona vijidoa vyeusi vinaelea kwenye kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka, ongeza usafishaji kidogo, yaani upande wa chanya. Ncha ya tungsteni ikifanya donge kubwa, usafishaji huo upunguze. Mimi siingizi waya wa kujazia kabla kidimbwi hakijang'aa kama kioo, na nakuomba nawe usiingize.

Na mashine haiondoi uchafu uliouacha wewe. Futa mafuta kwa asetoni, ndipo upige brashi ya waya wa chuma cha pua. Ukianza na brashi unayasugua mafuta yaingie ndani. Brashi hiyo iwe ya kusugulia alumini peke yake.

Sasa ampea. Kwa chuma cha kawaida, kadiria 40 kwa kila milimita ya unene, hivyo 110 yako ni sawa kabisa. Kwa alumini ya milimita 3 jaribu 125 hivi, na waya wa 4043. Alumini husambaza joto upesi: mwanzoni itakuwa nzito kuyeyuka, halafu kipande kizima kikishapata moto itataka kukukimbia. Legeza pedali ya ampea kadiri unavyosonga. Ukifika mwisho, usiukate moto ghafla. Teremsha polepole huku ukiongeza tone la waya, la sivyo shimo la mwisho litapasuka.

Chuma cha pua ni kinyume chake, hukumbatia joto. Rudisha swichi kwenye DC, tochi iwe upande wa hasi na klempu ya kazi upande wa chanya. Usizigeuze, maana tungsteni itaungua. Kwa milimita 3 anza na ampea 90, waya wa 308L kama chuma chenyewe ni cha aina ya 304, na usikawie mahali pamoja. Mshono utakueleza: rangi ya dhahabu ni nzuri, kijivu cha mkaa maana yake umeunguza. Kama unaunga bomba au kitu ambacho mgongo wake utagusa chakula, peleka gesi ya agoni na upande wa nyuma, kwani bila gesi mgongo unatoka chembechembe nyeusi zinazokwaruza.

Gesi ni agoni tupu kwa vyuma vyote vitatu, lita 7 hadi 10 kwa dakika. Ile iliyochanganywa na kabonidayoksaidi itaila tungsteni yako. Kuizidisha agoni nako si kinga; ikitoka kwa kasi huvuruga na kuvuta hewa ndani. Ukimaliza, shikilia tochi palepale gesi itoke, sekunde 1 kwa kila ampea 10.

Tungsteni ya milimita 2.4 yenye ukanda wa buluu, ya lanthani, itakutosha kwa kazi zote hizi. Ile nyekundu ina thoriamu, na vumbi lake ukilinoa lina mnururisho, mwanafunzi simshauri. Noa kwa kufuata urefu, na ikigusa kidimbwi, isimame kazi unoe tena.

SWALI: Asetoni imeniishia. Naweza kufutia spreyi ya kusafishia breki?

JIBU: Hapana, mwanangu, hapana! Baadhi ya hizo zina klorini, na mwanga na joto la TIG huigeuza kuwa fosjini, gesi inayoua. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya kuivuta, wakati umeshajiona mzima. Kipande ulichokwisha kukipulizia usikichomelee. Subiri upate asetoni, na hiyo nayo iache ikauke kabisa, kopo ulipeleke mbali kabla hujawasha moto.