Uliza Tukujibu: Ghorofa lenye 1936 usoni

Shikamoo kaka mhariri. Mi nakaa Igogo ila nauza kava na chaja mjini, meza yetu iko barazani kwa ghorofa la zamani la Wahindi, pale juu usoni pameandikwa 1936 na herufi mbili ambazo plasta yake imebanduka nusu. Juzi tumeambiwa tuhame linavunjwa. Sasa nimeshikwa na hamu ya kujua nani alilijenga na kabla yake palikuwa na nini, maktaba nilipita nikakuta wanafunzi tu wanapiga msuli nikatoka. Nianzie wapi?
Muuza kava, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Anza na simu yako mwenyewe, tena leo. Piga picha hizo herufi kwa karibu, nguzo za baraza, milango ya mbao, ngazi ya uani, mpaka mabati, maana likishashuka hakuna maktaba itakayokurudishia.

Hiyo 1936 mara nyingi ndo mwaka wa kujengwa, na inaingia akilini kabisa, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928, mizigo ikapata njia ya moja kwa moja mpaka Dar na wenye maduka wakawa na sababu ya kujenga, duka chini familia juu. Jina la mwenye kiwanja lisake ofisi ya ardhi, ila nenda na namba ya kiwanja na kitalu, ukienda na "lile ghorofa la kona" utarudishwa tu.

Maktaba ya mkoa ulitoka mapema bwana. Wale wanafunzi waache, mfuate mkutubi umuulize rafu ya Tanzania, na uulize kama wana matoleo ya Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza 1936, yaani umri mmoja na ghorofa lako. Mafaili ya serikali ya mkoloni ni Nyaraka za Taifa, Dar, hiyo safari iache mpaka uwe na swali lililonyooka.

Kwa hilo la palikuwa na nini, tafuta picha, na hizi unazipata kwa bando lako tu. Chuo cha Northwestern kule Marekani kina makusanyo ya Winterton, picha za Afrika Mashariki zaidi ya 7,000 za kuanzia miaka ya 1860 mpaka 1960. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt nayo imeweka mtandaoni picha za ile jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani. Sasa hapa ndo wengi wanakwama, mi mwenyewe nilihangaika siku tatu naandika Mwanza napata vipicha viwili vitatu nikajua basi hamna kitu, kumbe Mjerumani aliyekaa hapa mpaka 1916 alikuwa anaandika Muanza, kwa u! Nilipobadilisha hiyo herufi moja nikakesha.

Ukipata picha usiamini maandishi ya chini yake haraka, waliozipiga walikuwa wapita njia. Amini mawe. Mji wetu una bahati hiyo, nyumba zinavunjwa, miti inakatwa, ufukwe unajazwa kifusi, lakini Jiwe la Bismarck liko vilevile na yale ya vilimani hayajasogea hata inchi. Chukua picha ya zamani, simama ufukweni, sogea kushoto, sogea kulia mpaka jiwe la mbele lizibe la nyuma kama kwenye picha, hapo umesimama aliposimama yule mwenye kamera, au karibu sana. Kutokea hapo hesabu mitaa mpaka kwenye baraza lako. Na kama reli inaonekana kwenye picha ujue ni ya baada ya 1928.

Halafu kuna vizee vya cherehani hapo barazani, nao watahamishwa kama wewe. Waulize hizo herufi mbili ni za nani kabla hawajatawanyika, na picha ya hizo herufi nitumie.