Siko seli inakinga malaria, mbona mwanangu apewe dawa ya kuzuia malaria?

*Swali: Mimi na mume wangu tumepimwa, wote ni AS na hatuumwi. Mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu ana SS. Kliniki wanasisitiza neti na dawa ya kuzuia malaria kila siku. Lakini nimesoma kwamba siko seli inakinga malaria. Nimwamini nani?*

Dada, uliyoyasoma ni kweli, ila yanawahusu wewe na mumeo, wenye AS, yaani jeni moja la siko seli na moja la kawaida. Mtoto mwenye SS, aliyerithi jeni la siko seli kwenu nyote wawili na ndiye mwenye ugonjwa wenyewe, hayumo.

Mimi ni mtu wa maabara, basi nianzie kwenye darubini. Tone la damu ya AS likichanganywa na kemikali inayomaliza oksijeni, kisha likafunikwa kwa kioo, seli nyekundu zilizokuwa duara huanza kuchongoka na kupinda mpaka zikawa kama mundu wa kuvunia mpunga. (Ndiyo maana kipimo hicho cha haraka hakitofautishi AS na SS. Kama jibu la mtoto lilitokana na hicho peke yake, ombeni elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni.)

Ndani ya mwili wako oksijeni haiishi namna hiyo, kwa hiyo seli zako zinakaa sawa. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya seli, mambo hubadilika: seli ile hujipinda upesi zaidi, bandama huiona mbovu na kuiondoa, kimelea kikiwa bado humohumo. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kinga ya AS, kinga ambayo daktari na mtafiti Anthony Allison aliieleza mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki. Nanyi bado mnaweza kuugua malaria. Ile kali ndiyo huwapata kwa nadra.

Kwa mtoto, karibu himoglobini yote ni ya aina S. Kosa lenyewe ni dogo mno: asidi amino moja (vipande vinavyojenga protini), ya sita kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini, imebadilika. Lakini himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikamana na kuwa vijiti vigumu. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi. Yake hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Damu yake iko chini tayari, na malaria ikija kupasua seli nyingine, hana akiba. Isitoshe, bandama yake huzibwa na seli hizohizo na kuharibika mapema, na huyo ndiye mlinzi tuliyekuwa tunamtegemea.

Kwa hiyo neti na dawa viendelee. Waulizeni pia kuhusu dawa ya haidroksiyurea, ambayo huongeza himoglobini F, ile ya utotoni iliyomkinga miezi ya mwanzo.

Na mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Ukikuta imevimba ghafla na mtoto amepauka viganja, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huohuo. Homa nayo vivyo hivyo.