Nyonga inauma? Utazame na mkojo

Hapa Mombasa nyonga ikianza kuuma jibu liko tayari: baridi yabisi, chua mafuta. Kwa mzee wa miaka 70 sina neno. Lakini kama uko kwenye thelathini au arobaini, na mgongo ulitangulia kukusumbua, tia mkojo kwenye chupa safi uuache mpaka kesho. Ukigeuka kahawia au mweusi, mwambie daktari hata kama hakukuuliza.

Mimi nina alkaptonuria, maradhi adimu ya kurithi. Kimeng'enya kimoja hakifanyi kazi, basi asidi ya homojentisiki, inayotokana na protini tunayokula, inarundikana mwilini. Nyingi hutoka na mkojo. Inayobaki hujikita kwenye gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya viungo, ikaiacha nyeusi na rahisi kumeguka. Marehemu mama alikuwa akiteta juu ya nepi zangu: akizifua kwa sabuni ya mche ndiyo kwanza madoa yanakolea. Majirani wakasema kijicho! Kumbe sabuni yenyewe huuharakisha mkojo huo kuwa mweusi.

Mtoto huugua akirithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama pia. Mwaka 1902 Archibald Garrod, daktari wa London, alishaandika kwamba wazazi wa wagonjwa wengi walikuwa mabinamu. Kwetu pwani ndoa hizo zipo, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja nao wapimwe. Si suala la kulaumu wazee.

Bakora ishike kwa mkono usio wa upande unaouma. Wengi hufanya kinyume. Pale Likoni, maji yakikupwa, mteremko wa kushukia feri huwa mrefu, basi waache wenye haraka watangulie. Choo cha kuchuchumaa kiwekee kiti. Swali umekaa, dini imeruhusu. Na ukiweza, tembea ndani ya maji ya bahari yakufike kifuani: nyonga inapumzika na uzito, misuli inafanya kazi.

Dawa ya nitisinoni hupunguza asidi hiyo, na Ulaya iliidhinishwa kwa watu wazima wenye maradhi haya mwaka 2020. Macho lazima yakaguliwe unapoitumia, na gegedu iliyokwisha hairudi. Ikifika pa kuwekewa nyonga ya bandia, mpasuaji aambiwe mapema kwamba atakuta weusi ndani. Omba pia moyo upimwe kabla ya nusukaputi, kwa sababu maradhi haya hukakamaza vali.