Mama anashinda peke yake ndani, nimemletea spika ya kuongea naye. Nimekosea?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi nakusoma nikiwa huku Minneapolis, Marekani. Nilimleta mamangu kutoka Kisauni, Mombasa, ana miaka 76, na tangu avunjike nyonga hatoki nje kabisa sababu ya barafu, anaogopa ataanguka tena na mimi pia naogopa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, shifti ndefu, watoto wako shule, kwa hivyo asubuhi mpaka jioni yuko peke yake na TV ya Kizungu haielewi. Rafiki yangu akanishauri ninunue spika ya Alexa, ile ya Amazon unayoisemesha ikakujibu, ati mama atapata wa kuongea naye. Nikaiweka jikoni. Mama hataki kuisikia, anasema "siongei na sanduku mimi", na siku aliyojaribu kuiuliza kitu kwa Kiswahili haikumwelewa. Sasa kakangu aliyeko Mombasa ameandika kwenye grupu la familia kwamba nimemwachia mama mashine huku mimi natafuta dola. Nimelia sana. Nimekosea? Niirudishe dukani? – Binti yake, Minneapolis

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hujakosea hata kidogo. Unashinda ukiwaosha na kuwalisha wazazi wa watu wengine ili wako apate kodi na dawa, asiyejua hayo maisha ya huko asikuhukumu kwa meseji moja.

Ila mamako naye ana haki. Mtu aliyezoea kupigiwa hodi mara kumi kabla ya adhuhuri, huyu kaja kuomba ndimu, yule analeta habari za harusi, huwezi kumpa sauti ya kumwambia hali ya hewa ukategemea ashibe. Na hiyo sauti lugha yake haijui! Alexa inajua Kiingereza, Kihispania, Kiarabu, Kihindi na nyingine chache, Kiswahili haimo, na Siri, ile sauti ya kuisemesha kwenye iPhone, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mzee anaongea, haeleweki, anarudia, haeleweki tena, mwisho anajiona yeye ndo mjinga kumbe kosa si lake.

Usiirudishe lakini. Acha tu kuifanya rafiki yake, ifanye njia ya kuleta sauti za watu anaowajua. Kwenye app yake kuna kitu kinaitwa Routines, unaipangia saa na inafanya kazi yenyewe bila mama kusema neno. Tafuta Pwani FM au Radio Rahma kwenye TuneIn, huduma ya redio za mtandaoni, ukiikosa unganisha simu na hiyo spika kwa bluetooth, asubuhi ukishatoka nyumba isikike Kipwani. Panga pia ukumbusho wa dawa. Halafu mfundishe maneno mawili matatu tu ya kuizima na kuongeza sauti, akiyashika hayo yanatosha, usimfanyie mtihani wa Kiingereza.

Kuna kipengele kingine, Drop In, hicho kinakuwezesha ukiwa kazini mapumziko ufungue spika uongee naye moja kwa moja bila yeye kugusa kitu. Kwa mtu wa nyonga ni raha kubwa maana hakimbilii simu. Lakini hapa nakuomba sana, mwombe ruhusa kwanza, maana ni sawa na kuingia chumbani kwa mtu bila hodi, na kina mama wa Pwani wana stara zao. Spika ihame huko jikoni iende anapokaa, ila isiwe chumba anachobadilishia nguo, na muonyeshe kile kitufe cha kuzima maikrofoni, taa ikiwa nyekundu basi haisikii. Ajue vilevile kwamba anachoiambia kinatumwa kwa kampuni, tangu Machi 2025 Amazon waliondoa ile chaguo ya kuzuia sauti isitumwe, ingawa waweza kuingia kwenye setting ukaziamuru zisihifadhiwe.

Na akianguka usiitegemee hiyo spika. Haipigi 911, namba ya dharura ya huko, yenyewe hivi hivi, na umeme au intaneti ikikatika imekufa. Mchukulie kile kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni, ongea na daktari wake.

Utasikia pia kuna programu za akili bandia zinazoongea Kiswahili kwa sauti, ChatGPT mojawapo. Zinaongea kweli, kwa Kiswahili cha kitabuni, na akitaka kupiga nayo soga mwache, lakini habari za dawa asiiulize maana inaweza kukosea huku inaongea kama ina uhakika. Jimbo la New York mwaka 2022 lilianza kuwagawia wazee zaidi ya 800 kifaa cha mezani kinaitwa ElliQ kinachoanzisha mazungumzo chenyewe, na wapo wazee waliokipenda. Sikatai. Tafiti nyingi za vifaa hivi bado ni ndogo na za muda mfupi, na mimi naona mamako hajakosa sauti, amekosa kuhitajika. Kule Kisauni alikuwa anaulizwa mambo. Huko nani anamuuliza kitu?

Basi anzia hapo. Watoto wakirudi shule wamsomee, awasahihishe Kiswahili chao. Dada zako wamtumie voisi noti za maswali ya kweli, mchuzi wa papa unawekwa nini, fulani ameposwa tufanyeje, na yeye ajibu. Uliza kwenu pia habari za vituo vya wazee vya mchana, Minnesota viko na vingine vinahudumia watu wa Afrika Mashariki na wanakuja kumchukua kwa gari, kuna mpango unaitwa Elderly Waiver unaoweza kulipia kutegemea kipato chake na karatasi zake. Piga Senior LinkAge Line, simu ya msaada kwa wazee wa Minnesota, ni bure, omba mkalimani wa Kiswahili.

Na huyo kaka. Majira ya baridi, saa nne asubuhi huko Minneapolis, Mombasa ni saa moja usiku, watu wameshaswali magharibi wamekaa. Weka tableti mbele ya mama yenye WhatsApp, na muandikie kwenye hilo hilo grupu, kwa heshima, kwamba Jumanne na Ijumaa saa hiyo ni zamu yake kumpigia mama kwa video, siku zingine wagawane wengine.