Jiko la umeme halisamehe skrubu iliyolegea: kwa fundi anayeanza

Kama ndiyo kwanza unaingia kwenye ufundi umeme, ipo siku utatumwa peke yako kufunga jiko la pleti nne. Utaliona kama kazi ndogo: waya tatu, skrubu tatu, breka moja. Utalifunga, litawaka, utashukuriwa, utaondoka. Nakuandikia kwa sababu ya yale yanayoweza kutokea miezi mitatu baadaye, wewe ukiwa umeshaisahau nyumba ile.

Taa ukiifunga ovyo, mara nyingi itaendelea kuwaka tu. Taa ya LED ya wati 10 inavuta sehemu ndogo sana ya ampea moja, kwa hiyo hata kiungo kibaya hakipati moto wa kukuumbua. Jiko ni habari nyingine. Jiko la kilowati 7.2 kwenye umeme wa volti 230 linavuta ampea 31 na zaidi kidogo pleti zote zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, na linavuta hivyo kwa muda mrefu, siku baada ya siku. Isitoshe, joto kwenye kiungo halipandi sawasawa na ampea, linapanda kwa kipeo chake cha pili. Chukua kiungo chenye ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, kitu ambacho multimita ya kawaida haitakuonyesha vizuri. Zidisha 31 kwa 31, kisha kwa 0.1. Unapata wati 96. Hiyo ni glopu ya zamani ya wati 100 inayowaka ndani ya kisanduku kidogo kuliko kiganja chako, imezungukwa na plastiki, na juu yake mtu anapika.

Mimi hili nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye kazi. Mama mmoja niliyemfungia jiko aliniita, akasema jiko linazima lenyewe kisha linarudi, na kuna harufu jikoni kama ya samaki, wakati hajapika samaki. Harufu hiyo ikariri, mdogo wangu. Baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikizidiwa na joto hunuka hivyohivyo, na mwenye nyumba atahangaika kusafisha sinki na pipa la taka kumbe kinachoungua ni terminali, pale waya unapobanwa na skrubu. Nilikata umeme, nikahakikisha, nikafungua kifuniko nyuma ya jiko. Waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, uliokuwa wa bluu nilipouweka, ulikuwa wa rangi ya kahawa kwa urefu wa kidole. Nilipoukunja kidogo, plastiki yake ilipasuka kama ganda la mkate uliokauka. Skrubu niliigeuza kwa vidole, bila bisibisi.

Na niliikaza siku ile, nakumbuka kabisa. Nilikosea kabla ya kukaza. Nilimenya waya mfupi mno, skrubu ikashika nusu shaba na nusu plastiki. Mkononi ilijibu kama imekaza barabara, kumbe ilikuwa inaikandamiza plastiki. Jiko lilipopata moto, plastiki ikalainika ikasogea, skrubu ikabaki haina cha kushika. Tangu hapo ukinzani ukapanda, joto likaongezeka, nalo joto likazidi kulegeza. Mama yule na watoto wake walipika juu ya kiungo hicho kwa miezi. Mpaka leo kila ninapofunga jiko namkumbuka.

Kwa hiyo hapa kwenye terminali tukae kidogo. Menya waya kwa urefu ambao shaba yote inaingia na plastiki inaishia mlangoni mwa tundu, isiingie ndani wala shaba isibaki uchi nje. Ukimenya kwa kisu, angalia usikate nyuzi. Waya wenye nyuzi 80 ukikata 15 si waya uleule tena, hata kama kwa nje unaonekana sawa. Nyuzi nyembamba zikusanye ndani ya feruli, ile bomba fupi ya shaba inayobanwa kwa koleo yake, ndipo uingize. Na tafadhali usizipake risasi ya kulehemu ncha za waya unaokwenda chini ya skrubu. Mafundi wengi bado wanafundishana hivyo kwa nia njema kwa sababu ncha inatoka nzuri na ngumu, lakini risasi ikikandamizwa muda mrefu kwenye joto husogea taratibu, na skrubu inabaki hewani kama ile yangu.

Ukikaza, kaza kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji kama una bisibisi ya kupimia. Kisha vuta kila waya peke yake, uvute kweli, si kuugusa. Baada ya hapo nenda kafanye jambo lingine, rudi ukaze mara ya pili. Utashangaa ni mara ngapi skrubu inakubali kugeuka tena robo mzunguko, kwa sababu nyuzi zimejipanga na kutulia. Ukikuta nyumba ina waya wa alumini, usiuchomeke pamoja na shaba kwenye tundu moja. Alumini hujivika ngozi ya kutu isiyopitisha umeme vizuri, na hutanuka tofauti na shaba. Tafuta viungo vilivyotengenezwa kwa ajili ya metali hizo mbili, au mwite aliyekuzidi.

Sasa unene wa kebo. Kitu cha kwanza kukiweka kichwani ni kwamba breka inalinda kebo, hailindi jiko. Kwa jiko la kilowati 7.2 la fezi moja, yaani linaloletewa umeme kwa waya mmoja wa moto, kawaida nafunga kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32, nikijua kebo inapita mahali inapopumua. Ikipita ndani ya ukuta uliojazwa sufi ya kuzuia joto, au imefungwa pamoja na kebo nyingine zenye mzigo, uwezo wake unashuka na huenda ukahitaji ya milimita 10. Angalia jedwali la kanuni za nchi yako, usikadirie kwa macho.

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza, mbona jiko linawaka vizuri tu kwa kebo ya milimita 2.5? Linawaka, ni kweli. Tukapiga hesabu pamoja juu ya mbao chakavu. Mita 20 kutoka kwenye breka hadi jikoni ni mita 40 za shaba, kwenda na kurudi. Kebo ya milimita 6 kwa ampea 31 inatoa joto la karibu wati 118 njia nzima, chini kidogo ya wati 6 kila mita. Ya milimita 2.5 inatoa wati 285, yaani zaidi ya wati 14 kwa kila mita, ndani ya ukuta, na hapo bado hatujahesabu kwamba shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda tena. PVC ya kawaida, ile plastiki inayovishwa waya, imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Kijana alinyamaza, akaanza kuikunja ile kebo ya 2.5 kuirudisha kwenye gari.

Kuna na lile la breka inayokatika kila mara. Mwenye nyumba atakuomba uweke kubwa zaidi. Kataa kwa heshima, umweleze sababu. Ukiweka ya ampea 40 kwenye kebo isiyoimudu, kitakachokatika mwishowe ni kebo. Utasikia pia wazoefu wakipunguza hesabu ya mzigo kwa sababu pleti zote haziwaki kwa pamoja, na kanuni kadhaa zinaruhusu. Wewe unayeanza hesabu mzigo wote. Siku nyumba ina wageni, pleti nne zitawaka pamoja kuanzia asubuhi.

Majiko madogo ya pleti moja au mbili yanakuja na plagi yake. Soma kibandiko cha wati kabla ya kuamini soketi, na usilichomeke kwenye waya wa nyongeza uliokunjwa.

Kabla hujagusa chochote kati ya hivi, zima breka, na ifunge kwa kufuli au kwa utepe wenye maandishi ili mtu asiiwashe ukiwa umeinama chini ya kaunta. Kisha pima, na usipime kwa ile testa ya bisibisi yenye taa ndogo ndani. Testa ile inategemea umeme mdogo sana upite mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa umevaa viatu vizito, au umesimama juu ya mbao, au mwanga ni mkali, inaweza isikuonyeshe kitu wakati waya una umeme kabisa. Chukua kipimo cha kweli, kijaribu kwanza mahali penye umeme unaoujua, pima laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro, laivu na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi, halafu rudi ukijaribu tena palepale pa kwanza. Ile mara ya mwisho wengi wanairuka, na ndiyo inayokuambia kwamba kipimo hakikufia mikononi mwako katikati ya kazi. Na katika nchi nyingi kazi hii ya kuunga jiko kwenye waya wa nyumba kisheria ni ya fundi mwenye leseni. Kama bado huna, fanya chini ya mwenye nayo, naye akague kabla ya kuwasha.

Nyuma ya jiko utakuta terminali tano au sita na vipande vidogo vya shaba vinavyoziunganisha. Vipande hivyo ndivyo vinavyoamua jiko linakula fezi moja, mbili au tatu, na mchoro wake mara nyingi umebandikwa hapohapo. Usome kila mara, hata kama jana umefunga jiko linalofanana. Fezi moja ikija na umesahau kuweka kiungo, upande mmoja wa pleti hautawaka na utadhani jiko ni bovu. Hilo ni kosa la aibu tu. Kosa baya ni kuleta fezi mbili huku kiungo kati yake bado kipo, maana hapo umegonganisha volti 400. Lingine ni kuweka fezi kwenye tundu la nyutro. Pleti ya volti 230 ikipata 400 inatoa joto karibu mara tatu ya ililoumbiwa, na jiko lenye vitufe vya kugusa linakufa saketi zake papo hapo.

Rangi zinaweza kukuponza hapo. Kwa mpangilio mpya, kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ethi. Kwa ule wa zamani wa Uingereza, ambao bado umo kwenye kuta nyingi duniani, nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro, wakati kwenye kebo mpya ya fezi tatu nyeusi ni fezi. Bluu nayo ilikuwa fezi kwenye fezi tatu za zamani. Nyumba iliyoongezwa chumba inaweza kuwa na mipangilio yote miwili, kwa hiyo ithibitishe kila waya kwa kipimo.

Ethi usiifanye ya mwisho kwa umuhimu. Jiko ni bati, lina maji yanayochuruzika juu yake na mtu mwenye mikono yenye unyevu mbele yake. Iache ndefu kidogo kuliko waya zingine, ili kebo ikivutwa yeye awe wa mwisho kuchomoka, na pima mwendelezo wake kutoka kwenye bati la jiko hadi kwenye ubao wa breka. Pima pia insulesheni ya kebo, yaani uwezo wa plastiki yake kuzuia umeme usivuje, kwa volti 500 kabla hujaiunganisha na jiko. Ukiipima baadaye unaweza kuua bodi ya elektroniki. Kebo mpya ikikupa chini ya megaomu 1, usiendelee. Inapaswa kuwa juu sana zaidi ya hapo.

Jiko la pleti za chuma lililokaa stoo muda mrefu linaweza kuangusha RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 mara tu unapoliwasha. Usikimbilie kusema limeharibika, na usithubutu kuiondoa RCD. Ndani ya pleti mna unga wa magnesia unaozunguka waya wa joto, nao hunyonya unyevu wa hewa. Litoe, likaushwe mahali pakavu penye joto, kisha pima insulesheni tena.

Swichi ya jiko iwe ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja, na iwekwe pembeni, isiwe juu ya jiko. Mafuta yakishika moto, mtu asilazimike kupitisha mkono juu ya ndimi ili azime. Chini ya jiko tumia kebo inayovumilia joto, isiguse bati, na iwe na ziada ya kuliinua jiko bila kuifungua. Ziada hiyo usiikunje kama kamba.

Ukimaliza, washa pleti zote kwa nguvu ya mwisho, kila moja ikiwa na sufuria ya maji juu yake, kwa nusu saa. Kaa hapohapo. Nusa. Baada ya nusu saa zima breka, hakikisha kwa kipimo, fungua kifuniko na weka kidole karibu na kila terminali. Zote zinapaswa kuwa na uvuguvugu unaolingana. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, ifungue na uianze upya, hata kama kiza kimeingia na mwenye nyumba anataka kupika. Kisha andika "JIKO" kwenye breka yake kwa maandishi yasiyofutika, mweleze mwenye nyumba habari ya ile harufu ya samaki, na umwachie namba yako.