Spectrum ikionyesha mistari, pima kwanza hasi volti tano

Msomaji ameuliza: ZX Spectrum 48K (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) aliyoinunua inawaka, lakini skrini imejaa vimraba na mistari ya rangi, na ile alama ya hakimiliki ya Sinclair ya 1982 haitokei. Je, aagize ULA mpya? Hapana. Asiagize chochote kabla ya kushika mita. ULA ni chipu ya Ferranti iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hii, ni adimu, na mara nyingi haina kosa lolote. Ingekuwa imekufa, asingeona hata hiyo mistari, kwa kuwa ULA ndiyo inayochora picha, na huichora hata Z80, yaani prosesa, ikiwa imelala. Kinachoonekana hapo ni takataka zilizomo kwenye kumbukumbu.

Tuanze na adapta. Spectrum inataka volti 9 za DC, ampea 1.4, na hasi iwe katikati ya plagi. Adapta nyingi za leo zina chanya katikati, na ukichomeka moja ya hizo unaunguza bodi. Ile ya asili, isipobebeshwa mzigo, husoma volti 12 na zaidi, kwa hiyo usiitupe kwa sababu hiyo.

Fungua skrubu tano za chini na uinue kifuniko taratibu. Tepe mbili za kibodi zimekauka kwa uzee, na ukizivuta kwa pembe zinakatika. Zichomoe wima.

Sasa tafuta chipu nane za kumbukumbu (RAM) aina ya 4116, IC6 hadi IC13. Hizo ndizo kilobaiti 16 za chini, na picha ya skrini inakaa humo, kuanzia anwani 16384, baiti 6912. Kila chipu inahitaji volti za aina tatu. Gusisha waya mweusi wa mita kwenye bati la modyuleta (kisanduku kinachopeleka picha kwenye runinga), kisha pima: mguu wa 1 usome hasi 5, mguu wa 8 usome 12, mguu wa 9 usome 5. Asilimia kumi juu au chini inavumilika.

Mguu wa 9 ukiwa na 5 huku wa 8 haufiki 12 na wa 1 umekaa karibu na sifuri, kosa liko kwenye saketi ndogo ya koili na transista mbili, TR4 (ZTX650) na TR5 (ZTX213). Hili ndilo gonjwa kuu la mashine hii, na chanzo chake mara nyingi ni mkono wa mtu: kuchomoa au kutikisa kifaa cha joystiki nyuma wakati umeme umo. Kiunganishi cha nyuma kina volti 12 na hasi 5 zikipakana na nyaya za udhibiti, na Spectrum haina hata swichi ya kuzimia. Zima kwa kuchomoa plagi ya umeme, ndipo uguse nyuma.

Usiweke TR4 mpya na kuwasha papo hapo. 4116 iliyopiga shoti itaiua na hiyo mpya. Umeme ukiwa umetolewa, pima ukinzani kati ya mguu wa 8 na ardhi, kisha mguu wa 1 na ardhi. Ukipata omu chache tu, kuna chipu au kapasita iliyokufa kwenye njia hiyo. Tena, 4116 iliyopewa 12 bila hasi 5 huharibika yenyewe, kwa hiyo kila unapowasha "kujaribu tu" unaongeza idadi ya chipu za kununua.

Volti zote zikiwa sawa, rudi kwenye skrini. Ukingo ukiwa mweupe, Z80 imeamka na imeanza kusoma ROM (kumbukumbu ya kudumu yenye programu ya kuanzia), kwa maana kupaka ukingo rangi nyeupe ni moja ya kazi zake za kwanza kabisa. Usipokuwa mweupe, angalia kwenye Z80 mguu wa 26, ambao ukiwasha lazima upande kutoka sifuri hadi karibu volti 5, na mguu wa 6, ambako saa ya megahezi 3.5 inaingia.

Baada ya hapo ROM hujaza kumbukumbu yote kwa namba 2. Kwenye mashine nzima utaona kwa muda mfupi mistari miembamba myekundu juu ya weusi, mmoja katika kila safu ya nukta nane. Ikigoma hapo, itazame vizuri, maana kila chipu inashika biti moja: IC6 ni biti 0, IC13 ni biti 7. Biti iliyokwama kwenye 1 inajichora yenyewe. Nyuma ya mistari kukiwa buluu, ni IC9. Kijani, IC11. Mistari ikigeuka njano na kunenepa, ni IC8. Skrini yote ikiwa nyekundu tupu, ni IC10, kwa sababu wino (rangi ya mistari) na karatasi (rangi ya nyuma yake) vimekuwa rangi moja. Kila kitu kikipepesa, ni IC13. Na IC7 ikikwama kwenye 0, hakuna mstari hata mmoja. Rangi zikichanganyika ovyo, chipu mbovu ni zaidi ya moja.

Unaweza kupandisha 4116 nzima juu ya unayoishuku, mguu kwa mguu, kabla ya kulehemu. Ila hila hii haisaidii kama ya chini imepiga shoti. Chipu inayochoma kidole kuliko jirani zake ndiyo ya kwanza kutoka: kata miguu yote, toa mmoja mmoja, weka soketi. Wanaong'ang'ania kuitoa nzima ndio wanaong'oa njia za shaba.

Picha ikiwa safi lakini haina rangi, iache RAM. Angalia kama LM1889, chipu ya rangi, inapata volti 12, kisha kristali ya megahezi 4.43.

Na kama runinga haionyeshi kitu kabisa, huenda haina kipokezi cha analogi cha chaneli 36. Ipe ishara ya video moja kwa moja kutoka kwenye waya unaoingia modyuleta, kupitia kapasita ya mikrofaradi 100. Ikibaki giza hata hapo, na volti zote zipo, sasa ndiyo ishuku ULA.