Vipimo "vimepanda kidogo" tu. Je, nihangaike?

SWALI: Nina umri wa miaka 41 na kazi yangu ni ya kukaa mezani mchana kutwa. Nilipopimwa afya kazini, shinikizo la damu lilikuwa 134/86, sukari kabla ya kula 5.9, na mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi 2.1 (vyote viwili kwa mmol/L). Kila kipimo nilielezwa kuwa kimepanda kidogo tu, nami sijisikii mgonjwa. Je, kuna haja ya kuhangaika?

JIBU: Ndugu msomaji, usiingiwe na hofu, lakini chukua hatua. Neno "kidogo" limewapoteza wengi, kwa kuwa kila kipimo husomwa peke yake ilhali moyo hubeba vyote kwa pamoja. Wataalamu hutazama mambo matano: kiuno kipana, shinikizo kuanzia 130/85, sukari kabla ya kula kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, na upungufu wa kolesteroli nzuri. Mwenye matatu kati ya hayo, hatari yake ya maradhi ya moyo hukaribia mara mbili ya asiye nayo. Wewe umeshayafikisha matatu, na kiuno hujakitaja.

Kipime leo. Simama wima, papasa ubavu wa mwisho chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, pitisha utepe katikati yake, toa pumzi kama kawaida bila kubana tumbo, kisha usome. Kwa jamii nyingi, tahadhari huanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Mizani haikuambii haya, kwani mafuta yanayolizunguka ini na utumbo huweza kujaa hata kwa mtu asiye mnene. Mafuta hayo huufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Sukari hubaki kwenye damu, ini humwaga trigliseridi, na figo huzuia chumvi, hivyo shinikizo hupanda.

Kwa kuwa mzizi wake kwa sehemu kubwa ni mmoja, ukipunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa mwili wako, kama umezidi kiasi, vipimo vyako hivyo vitatu kwa kawaida hushuka pamoja. Tembea kwa haraka angalau dakika 150 kwa wiki, na uinuke kitini mara kwa mara. Sigara, kama unavuta, iache kabisa. Kisha mpelekee daktari karatasi yote, umwombe aisome kwa jumla na arudie kupima shinikizo siku nyingine, ukiwa umekaa kwa utulivu dakika tano.